Sabuni ya Kunyolea Yenye Manukato: Kipimo Kwanza, Harufu Baadaye

Somo hili limekusudiwa Makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wanaofikiria kuanzisha kazi ndogo ya mikono ndani ya chama chao. Lisomwe kikundini kwa sauti, sehemu moja baada ya nyingine, na maswali yaliyo mwishoni yajibiwe kabla fedha yoyote ya chama haijatolewa.

1. Sababu ya somo

Katika kata ya Bugarama, wilayani Ngara, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Ngara na Biharamulo, fedha ya kahawa huingia kwa msimu. Mavuno yakiisha na malipo yakigawanywa, hufuata miezi ambayo mizani ya chama imepumzika na ghala ni tupu, hali mwanachama bado anahitaji sare za watoto, dawa na chumvi. Ndiyo sababu wanachama wengi huuliza ni kazi gani inayoweza kuingiza fedha katika miezi hiyo bila kuhitaji mtambo mkubwa.

Sabuni ya kunyolea ndevu ni mojawapo ya majibu. Shahamu ya ng'ombe hupatikana kwenye bucha. Mnyonyo humea kando ya nyumba. Vinyozi wapo katika kila soko, na katika mipaka ya Kabanga na Rusumo madereva wa malori husimama, huoga, hunyoa na kuendelea na safari. Wanunuzi wapo.

Lakini kazi hii ina hatari ambayo haimo katika kazi ya kushona au kusuka. Sabuni hupikwa kwa kostiki, na kostiki huunguza ngozi na kupofusha macho. Zaidi ya hayo, sabuni ya kunyolea hupakwa usoni, mahali ambapo wembe unapita na kuacha ngozi wazi. Chama kinachouza sabuni mbaya ya kufulia hulalamikiwa. Chama kinachouza sabuni mbaya ya kunyolea huumiza watu. Kwa hiyo neno moja litarudiwa katika somo zima: kipimo kwanza, harufu baadaye. Manukato hayafichi kosa la mizani.

2. Sabuni ya kunyolea inavyotofautiana na sabuni nyingine

Sabuni yoyote ni mafuta yaliyokutana na kostiki. Vitu hivyo viwili vikichanganywa kwa kipimo sahihi, kila kimoja humla mwenzake: mafuta huacha kuwa mafuta, na kostiki huacha kuwa kostiki. Huzaliwa sabuni, pamoja na glisirini inayolainisha ngozi.

Kostiki ziko mbili. Ya kwanza ni kostiki soda, ambayo hutoa sabuni ngumu ya mche. Ya pili ni kostiki potasi, ambayo hutoa sabuni laini yenye povu la haraka. Jambo hili halikuwa geni kwa wazee. Majivu ya maganda ya ndizi yana potasi nyingi, na katika sehemu nyingi za Afrika maji yaliyochujwa katika majivu hayo yalipikwa pamoja na mafuta yakatoa sabuni laini. Wazee walikuwa na maarifa hayo, ila ukali wa maji ya majivu hubadilika kila siku kwa jinsi ndizi, moto na maji vilivyokuwa. Kwa nguo haikudhuru sana. Kwa uso, kostiki isiyojulikana ukali wake isitumike.

Povu la kunyolea lazima liwe zito, lishike ndevu bila kukauka, na wembe uteleze juu yake. Ili kupata povu la namna hiyo, watengenezaji hutumia mafuta mazito, hasa shahamu, na huchanganya kostiki zote mbili. Shahamu hutoa uzito wa povu. Mafuta ya nazi huliharakisha. Mafuta ya nyonyo hulifanya litulie na kuteleza.

3. Manukato: mfano wa marashi ya Köln

Watu wengi hupenda sabuni ya kunyolea inukie kama marashi ya zamani yaliyokuwa mezani kwa wazee wao. Yaliyo maarufu kuliko mengi ni yale ya mji wa Köln, Ujerumani. Nyumba ya biashara ya Farina ilianzishwa mjini humo mwaka 1709, na Johann Maria Farina, mzaliwa wa Italia, ndiye aliyeyapa marashi yake jina la mji huo. Harufu yake ilijengwa juu ya maganda ya matunda ya jamii ya malimao na machungwa, ikasaidiwa na majani na maua. Ni harufu nyepesi, ya asubuhi, isiyomchosha mtu.

Chama hakihitaji kununua marashi hayo na kuyamimina katika sabuni. Hiyo itakuwa hasara, kwa kuwa marashi ya chupa yana spiriti, na spiriti huharibu mchanganyiko. Kinachotakiwa ni kuelewa harufu imejengwa kwa vitu gani, kisha kutafuta mafuta ya namna hiyo. Harufu ya maganda ya limao huruka upesi katika sabuni. Mchaichai una harufu iliyo jirani na limao, nayo hudumu zaidi. Lavenda hujaza nafasi ya maua. Karafuu kidogo sana huipa harufu mguu wa kusimama. Kisiwani Pemba mafuta ya makonyo ya karafuu yamekenekwa kwa miaka mingi, yaani yametolewa kwa mvuke, kwa hiyo Watanzania si wageni wa kazi hiyo.

Kwa kila kilo moja ya mafuta ya kupikia sabuni, manukato yasizidi gramu 10 kwa jumla:

Mafuta ya mchaichai: gramu 5
Mafuta ya lavenda: gramu 4
Mafuta ya karafuu: gramu 1

Mtu asiongeze karafuu kwa kupenda harufu yake. Mafuta ya karafuu huwasha ngozi iliyotoka kunyolewa, na tena hufanya sabuni igande ghafla chunguni. Mafuta ya mdalasini yasitiwe kabisa, maana huwadhuru watu wengi zaidi. Maji ya limao pia yasitiwe: ni asidi, nayo hula sehemu ya kostiki na kuvuruga hesabu yote. Majani mabichi ya mchaichai hayafai. Hugeuka rangi ndani ya sabuni na vipande vyake hukwaruza uso. Kuchemsha majani katika sufuria iliyo wazi si kupata mafuta yake, kwa kuwa harufu huondoka na mvuke. Chama kisichokuwa na mtambo wa kukeneka kinunue mafuta yaliyokwisha kukenekwa, kwa muuzaji anayeandika jina la mmea kwenye chupa.

4. Vifaa na kinga

Kifaa cha kwanza ni mizani inayoonyesha gramu moja moja. Mizani ya kahawa inayopima magunia haiwezi kuona gramu 5. Kikombe na kijiko si vipimo vya kazi hii, kwa kuwa kikombe cha kostiki ya chenga na kikombe cha kostiki ya unga havina uzito mmoja. Chama kisichokuwa na mizani ya gramu kisianze.

Cha pili ni chombo cha kupikia. Sufuria nyingi za nyumbani ni za aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu, ikachemka na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Sufuria hizo zisitumike hata mara moja. Vitumike vyombo vya chuma kisichoshika kutu, au ndoo nzito za plastiki zinazostahimili joto. Vyombo vya sabuni visirudi jikoni.

Kinga za mpikaji ni miwani ya kufunika macho, glavu ndefu za mpira, aproni, na viatu vilivyofunika vidole. Kazi ifanyike nje au chini ya paa lisilo na kuta, na ndoo ya maji safi iwe karibu wakati wote. Watoto na mifugo wasikaribie.

Kostiki ihifadhiwe katika chombo chake, kimefungwa, kimeandikwa kwa herufi kubwa, ndani ya sanduku lenye kufuli. Ni mwiko kuiweka katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja. Mtoto anayeokota chupa hiyo hataijua.

Ikimwagikia ngozi, nguo iliyolowa ivuliwe na mahali hapo paoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20. Siki isitiwe juu ya kidonda. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe vivyo hivyo, likiwa wazi, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

5. Hesabu ya kostiki

Hii ndiyo sehemu ambayo Katibu anapaswa kuifahamu kuliko wote, hata kama hatashika mwiko. Kila mafuta yana namba yake, yaani gramu za kostiki soda zinazohitajiwa na gramu 1,000 za mafuta hayo ili yote yawe sabuni. Namba za wastani ni hizi:

Shahamu ya ng'ombe: 140
Mafuta ya mawese: 141
Mafuta ya nazi: 183
Mafuta ya mise (kiini cha mchikichi): 176
Mafuta ya nyonyo: 128
Mafuta ya alizeti: 134

Na ichukuliwe kanuni ya gramu 1,000 za mafuta, zilizogawanywa hivi:

Shahamu gramu 700, huhitaji kostiki soda gramu 98.0
Nazi gramu 200, huhitaji gramu 36.6
Nyonyo gramu 100, huhitaji gramu 12.8
Jumla: gramu 147.4

Jumla hiyo isitumiwe yote. Namba za mafuta ni za wastani tu, na shahamu ya ng'ombe mmoja si sawa kabisa na ya mwingine. Ili kostiki isibaki katika sabuni, hupunguzwa sehemu 5 katika kila 100. Gramu 147.4 zikipunguzwa hivyo hubaki gramu 140. Mafuta machache yatakayosalia bila kugeuka sabuni ndiyo akiba inayoukinga uso.

Gramu 140 hugawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza, gramu 70, hupimwa kostiki soda. Nusu ya pili hugeuzwa kuwa kostiki potasi. Gramu 1 ya kostiki soda ina kazi sawa na gramu 1.4 za kostiki potasi, kwa hiyo 70 mara 1.4 ni gramu 98. Lakini kostiki potasi inayouzwa kwa kawaida si safi yote. Mara nyingi lebo huonyesha 90 kwa 100. Basi 98 igawanywe kwa 0.9, na jibu ni gramu 109. Katibu asome lebo ya kila mfuko mpya, maana usafi ukibadilika na hesabu hubadilika.

Kanuni kamili kwa mara moja ni hii: shahamu gramu 700, nazi gramu 200, nyonyo gramu 100, kostiki soda gramu 70, kostiki potasi (ya 90 kwa 100) gramu 109, maji safi gramu 360, manukato gramu 10.

Sasa na itazamwe jinsi kosa dogo linavyokuwa kubwa. Mpimaji akiweka kostiki soda gramu 80 badala ya 70, amezidisha vijiko viwili vidogo tu. Lakini sasa jumla ya kostiki ni sawa na gramu 150, ilhali mafuta yote yanaweza kula gramu 147.4. Akiba imekwisha, na kostiki iliyobaki itakaa ndani ya sabuni kungoja uso wa mtu. Sabuni hiyo itakuwa nyeupe, nzuri, yenye kunukia mchaichai kama nyingine. Kwa macho na kwa pua, hakuna atakayeitofautisha.

6. Kusafisha shahamu na kuchanganya

Shahamu mbichi ikatwe vipande vidogo, iyeyushwe kwa moto mdogo pamoja na maji na chumvi kidogo, ichujwe kwa kitambaa, kisha iachwe igande. Kitakachoganda juu kitolewe, uchafu wa chini ukwanguliwe, na kazi irudiwe mara ya pili. Shahamu iliyosafishwa vema ni nyeupe na haina harufu ya bucha. Isiposafishwa, manukato yatashindana nayo na yatashindwa.

Siku ya kupika, vitu vyote vipimwe kwanza na kupangwa mezani. Kisha utaratibu huu ufuatwe:

(a) Maji gramu 360 yawekwe katika chombo. Kostiki zote mbili zitiwe ndani ya maji kidogo kidogo, huku mpikaji akikoroga na kugeuza uso pembeni asivute mvuke. Kostiki hutiwa katika maji. Maji hayatiwi kamwe katika kostiki, kwa kuwa huruka na kuunguza. Mchanganyiko utapata joto kali wenyewe bila moto. Uachwe upoe hadi nyuzi 50 hivi.

(b) Shahamu iyeyushwe, nazi na nyonyo ziongezwe, na mafuta yote yaachwe hadi nyuzi 50 hivi. Kipimajoto kitumike, si kidole.

(c) Maji ya kostiki yamiminwe polepole katika mafuta, huku mchanganyiko ukikorogwa bila kukatiza. Baada ya muda utakuwa mzito kama uji wa mtoto, na mchirizi wa mwiko utabaki juu yake.

(d) Hapo manukato yatiwe, yakorogwe upesi, na uji umiminwe katika visanduku vya mbao vilivyotandikwa karatasi, au katika makopo madogo ya plastiki yenye mdomo mpana.

(e) Visanduku vifunikwe kwa blanketi na kuachwa siku 2 au 3. Sabuni hii ni laini kuliko ya kufulia, kwa hiyo isiharakishwe. Ikatwe kwa glavu, maana bado ni kali.

Mkono mpya uanze na kilo moja ya mafuta kwa mara moja. Chama kisipike kilo kumi kabla hakijapika kilo moja mara tano bila kosa.

7. Kukomaa na kujaribiwa

Vipande vipangwe juu ya chaga za mbao, kivulini, penye hewa, kwa wiki 6. Katika muda huo maji hupungua, sabuni hukaza, na ukali hutulia. Hapa ndipo vyama vingi hujaribiwa. Fedha imekwisha kutoka, bidhaa ipo machoni, mnunuzi yupo mlangoni, na wiki mbili tu zimepita. Anayeuza wakati huo anauza kitu ambacho hakijawa tayari.

Baada ya wiki 6, kipande kimoja cha kila pishi kiloweshwe na povu lake lipimwe kwa karatasi ya kupimia ukali, ile inayobadilika rangi. Sabuni njema huonyesha 9 hadi 10. Ikizidi 11, pishi lote lizuiwe. Liwekwe kando lisubiri na kupimwa tena, na likiendelea hivyo lisiuzwe kwa ajili ya uso. Sabuni yenye vidoa vyeupe vigumu au vishimo vyenye majimaji ndani izuiwe pia. Pishi lililofaulu lijaribiwe na watu wazima wachache waliokubali wenyewe, kwanza ndani ya mkono wa mbele, na baada ya siku moja bila muwasho, usoni.

Mnunuzi afundishwe matumizi: brashi iloweshwe maji ya uvuguvugu, izungushwe juu ya sabuni, na povu lijengwe usoni kwa mizunguko. Vinyozi wakumbushwe kwamba brashi huoshwa baada ya kila mteja na wembe huwa mpya kwa kila mtu. Sabuni njema haizuii maradhi yanayopita kwa wembe mmoja.

8. Daftari la mapishi

Wanachama wa vyama vya kahawa wanajua kwamba mzani usio na mashahidi huzaa maneno. Sheria hiyo hiyo itumike hapa. Kila pishi lipewe namba. Daftari lionyeshe tarehe, aina ya mafuta na uzito wake, kostiki na usafi wake, maji, manukato, jina la aliyepima, na jina la aliyehakiki. Mpimaji na mhakiki wasiwe mtu mmoja. Mhakiki asome mizani kwa macho yake, asiambiwe tu. Namba ya pishi iandikwe kwenye kila kipande. Mteja akilalamika, chama kiweze kufungua ukurasa mmoja na kujua kilichotokea, badala ya kukusanya sabuni zote sokoni.

Mafuta yakibadilishwa, hesabu ifanywe upya kabla ya moto kuwashwa. Kosa la kawaida ni kukosa mafuta ya nazi na kutia mawese kwa kiasi kile kile. Mafuta ni mafuta, watu husema. Namba za sehemu ya 5 zinaonyesha kwamba sivyo.

9. Gharama na bei

Mfano ufuatao ni wa mapishi 10 ya kilo moja moja. Bei ni za mfano tu, na kila chama kiweke bei za soko lake. Ichukuliwe kwamba baada ya kukauka vimepatikana vipande 120 vya gramu 100, na kwamba vipande 6 vimeharibika au vimetumika kujaribia.

Shahamu kilo 7: Sh. 28,000
Nazi kilo 2: Sh. 18,000
Nyonyo kilo 1: Sh. 15,000
Kostiki soda: Sh. 3,500
Kostiki potasi: Sh. 10,900
Manukato: Sh. 25,000
Karatasi na lebo: Sh. 12,000
Kuni na glavu: Sh. 6,000
Nauli: Sh. 15,000
Ujira wa wapikaji: Sh. 24,000
Jumla: Sh. 157,400

Chama kisicho makini hakihesabu nauli wala ujira, kwa kuwa "tulikwenda wenyewe na tulipika wenyewe". Kwa hesabu hiyo gharama ni Sh. 118,400, ikigawanywa kwa vipande 120 ni karibu Sh. 987 kila kimoja. Wakiuza kwa Sh. 1,200 hufurahi kwamba wamepata faida ya Sh. 213.

Ukweli ni mwingine. Vipande vilivyouzwa ni 114, na gharama yote ni Sh. 157,400. Kila kipande kimegharimu karibu Sh. 1,381. Kwa bei ya Sh. 1,200 mapato ni Sh. 136,800, na chama kimepata hasara ya Sh. 20,600. Hasara hiyo haionekani mara moja. Imefichwa katika miguu na mikono ya wanachama, nao watachoka na kuondoka mmoja mmoja bila kusema sababu.

Uzito unaoandikwa kwenye lebo uwe wa sabuni iliyokwisha kukauka. Kipande kilichopimwa kikiwa kibichi kitapungua rafuni, na mnunuzi atakuwa ameuziwa maji.

10. Jina, lebo na sheria

Kuiga namna ya harufu si kosa. Kuiba jina ni kosa. Historia ya marashi ya Köln yenyewe ni funzo, kwa kuwa wafanyabiashara wengi waliuza bidhaa zao kwa jina la Farina, na migogoro ikawa mingi. Nchini Tanzania alama za biashara na huduma zinalindwa na sheria ya mwaka 1986, na kwa upande wa Bara husajiliwa na BRELA. Chama kisiandike jina la kampuni maarufu kwenye lebo, wala kisiige chupa au rangi zake ili mnunuzi adanganyike. Jina la kijiji chao, likiambatana na sabuni njema, litajenga heshima ya chama wenyewe.

Lebo itaje mafuta yaliyotumika, uzito, namba ya pishi, tarehe na mahali ilikotengenezwa. Wapo wanunuzi ambao dini yao inawataka wajue shahamu imetoka kwa mnyama gani na amechinjwaje. Waambiwe kweli, na palipotumika mafuta ya mimea peke yake, hilo nalo liandikwe.

Sabuni ya uso ni miongoni mwa vipodozi, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi Bara uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Kabla ya kuuza nje ya kijiji, uongozi uonane na Shirika hilo, na pia na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya kuviongoza viwanda vidogo. Zaidi ya hayo, Katibu ahakikishe kwamba kazi hii inaruhusiwa na masharti ya chama, na kwamba Mkutano Mkuu umeidhinisha mtaji wake. Fedha ya kahawa ya wanachama isigeuzwe sabuni kwa uamuzi wa watu watatu ofisini.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Chama kimekosa mafuta ya nazi, kikatia mawese gramu 200 bila kubadili kostiki. Mafuta yote sasa yanahitaji gramu ngapi za kostiki soda? Je, gramu 140 zimezidi au zimepungua? (Jibu: yanahitaji gramu 139, kostiki imezidi, na akiba yote imekwisha. Kipimo sahihi baada ya kupunguza 5 kwa 100 ni gramu 132, yaani kostiki soda gramu 66, na kostiki potasi ya 90 kwa 100 gramu 103.)

2. Kwa nini mpimaji na mhakiki wasiwe mtu mmoja, hata kama ni ndugu waaminifu?

3. Kinyozi wa sokoni anataka vipande 30 leo, na pishi lina wiki 3 tu. Yuko tayari kulipa taslimu, na chama kinadaiwa. Mwenyekiti ajibu nini, na Katibu aandike nini katika daftari?

4. Kwa bei za soko la kijiji chenu, kipande kimoja kitagharimu kiasi gani pamoja na nauli na ujira? Je, wanunuzi watailipa bei hiyo? Kama hawatailipa, chama kina mizani ya kazi nyingine ipi?